Nyusi Zinapopungua

Yapo mambo madogo ambayo watu wengi huona haya kuyauliza mbele za watu, na mojawapo ni hili la nyusi. Akina mama hulinong'ona saluni, wasichana huulizana shuleni, na wanaume, ambao hudhani kwamba si jambo lao, hujitazama katika kioo cha kinyozi na kunyamaza. Sisi tulio wa Legio ya Maria katika parokia moja ya Lubumbashi huenda wawili wawili kuwatembelea watu majumbani mwao, kama ilivyo desturi ya chama chetu tangu kilipoanzishwa Dublin mwaka wa 1921. Katika ziara hizo tumeulizwa mara nyingi kuliko tulivyotazamia: "Nyusi zangu zinakwisha, dawa yake ni nini?" Leo twataka kulijibu swali hilo kwa utaratibu. Wengine hulicheka, lakini sisi tumeona ya kuwa mara nyingine nyuma yake limesimama jambo kubwa.

Kwanza tujiulize nyusi ni za nini. Mji wetu ulikua kando ya tanuru la shaba, lililoanza kuyeyusha madini mwaka wa 1911, na wazee waliofanya kazi mbele ya moto kama ule wajua vizuri jasho la paji la uso ni kitu gani. Jasho lina chumvi. Likiingia machoni huchoma, na mtu haoni anachokifanya. Nyusi huzuia jasho lile na kuligeuzia pembeni, likashuka kando ya uso. Huzuia pia vumbi, na hupunguza ukali wa jua. Licha ya hayo, nyusi husema. Mama akiinua unyusi mmoja tu, mtoto aliyenyosha mkono kwenye sahani ya mgeni huurudisha mara moja, na hakuna neno lililotamkwa. Uso usio na nyusi huonekana kana kwamba umenyamaza, na watu wakiutazama hawajui kama mwenye uso huo afurahi au ahuzunika. Kwa hiyo mtu anayesikitika kwa kupoteza nyusi zake tusimhesabu kuwa mtu wa majivuno. Amepoteza sehemu ya usemi wake.

Jambo la pili lifaalo kujulikana ni namna nyusi zinavyoota. Unywele wa kichwa waweza kukua miaka kadhaa kabla ya kuanguka, ndiyo maana waweza kuwa mrefu. Unywele wa unyusi hukua kwa muda mfupi tu, majuma kadhaa au miezi michache, kisha hupumzika, kisha huanguka na kumwachia nafasi mwenzake. Basi mtu akiosha uso asubuhi na kuona nywele mbili tatu za nyusi kitambaani, asiogope. Hiyo ndiyo kawaida. Lakini kwa sababu ya mapumziko hayo marefu, unyusi uliong'olewa hauharakishi kurudi. Huchukua miezi mitatu au minne, na pengine sita, kabla haujajaza mahali pake. Wengi hukata tamaa katika juma la tatu na kukimbilia sokoni kununua kila chupa inayosifiwa, na hali nyusi zao zilikuwa bado zinalala tu.

Sasa tuje kwenye sababu. Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni mikono yetu wenyewe. Msichana hushika kibano au wembe, hupunguza upande mmoja, kisha upande wa pili ili ulingane na wa kwanza, kisha tena wa kwanza ili ulingane na wa pili. Katika miaka ya 1920 na 1930 wachezaji wa sinema wa Marekani walizifanya nyusi zao kuwa nyembamba kama uzi, na wanawake wa nchi nyingi wakawaiga. Mtindo huo ukarudi katika miaka ya 1990. Siku hizi mtindo umegeuka, na wanaosifiwa ni wenye nyusi nene. Nao waliong'oa kwa miaka mingi sasa watafuta dawa ya kuzirudisha. Shina la unywele huvumilia kung'olewa mara nyingi, lakini halivumilii milele. Likijeruhiwa miaka na miaka huchoka, likafa, na ngozi ya mahali pale ikabaki laini. Wembe hauna ubaya huo, maana hukata juu tu bila kugusa shina. Hatari yake ni kujikata, na kuambukizana magonjwa ya damu kama wembe mmoja watumiwa na watu wengi.

Sababu ya pili ni vile tunavyopaka. Katika masoko ya mji wetu huuzwa mafuta na sabuni za kujichubua ngozi. Nyingine zina haidrokwinoni, nyingine zina dawa kali ambazo daktari peke yake ndiye apaswaye kuziandika, na nyingine zimekutwa na zebaki, ambayo ni sumu ya figo. Ngozi iliyochubuliwa huwa nyembamba na hushika mwasho, na mwenye mwasho husugua. Nyusi zinazosuguliwa mchana na usiku hukatika na kuanguka. Rangi nyeusi za kupaka nyusi nazo zataka tahadhari. Mwaka wa 1933, huko Marekani, rangi ya nyusi na kope iliyoitwa Lash Lure iliwachoma wanawake macho. Mmoja alipofuka, na mwingine akafa. Habari zao zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma nchi ile kutunga mwaka wa 1938 sheria mpya ya kusimamia vyakula, dawa na vipodozi. Tukumbuke pia kuwa sindano ya kuchanja nyusi za kudumu, kama haikusafishwa ipasavyo, yaweza kuleta homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Sababu ya tatu imo ndani ya mwili. Unywele hujengwa kwa chakula. Nyumba inayokula bukari peke yake, bila maharage, bila kapenta, bila karanga wala lengalenga, humkosesha mtoto vifaa vya kujengea mwili, na nywele zake huwa chache, nyepesi, zenye rangi nyekundunyekundu. Mama aliyezaa mfululizo na kupungukiwa damu naye huweza kupoteza nywele. Zaidi ya hayo, kuna tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, ambayo kazi yake ni kuamuru mwendo wa mwili wote. Ikilegea, mwili wote hulegea. Mtu huchoka bila kufanya kazi, huona baridi wakati wenzake waona joto, uso hujaa, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, na nyusi hupungua, hasa theluthi ile ya nje iliyo upande wa masikio. Madaktari huiita dalili hiyo kwa jina la Eugène Hertoghe, daktari Mbelgiji wa Antwerpen aliyejulikana kwa kuchunguza magonjwa ya tezi hiyo.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, wataalamu waliofanya uchunguzi katika miaka ya 1960 na baadaye waliwakuta watu wengi wenye rovu shingoni. Sababu yake ilikuwa upungufu wa iodini katika udongo na chakula, nao muhogo ambao haukulowekwa vizuri ulizidisha madhara. Ndiyo maana akina mama hushauriwa kununua chumvi yenye iodini na kuiweka katika chombo chenye kifuniko, na pia kuuloweka muhogo siku za kutosha. Wazee wetu waliujua uvumilivu huo wa kuloweka. Haraka ya mjini ndiyo iliyoupunguza.

Kuna na magonjwa mengine. Wapo watu ambao kinga ya mwili wao, kwa kosa la maumbile, huzipiga vita nywele zao wenyewe. Mabaka laini ya mviringo hutokea kichwani, ndevuni au kwenye nyusi, pasipo maumivu. Aghalabu nywele hizo hurudi zenyewe baada ya miezi, na daktari aweza kusaidia. Lakini kwa kuwa huanguka ghafula, jirani mwovu husema ni uchawi, na mgonjwa huanza kumtazama bibi yake kwa jicho la mashaka. La hasha! Bibi hana hatia. Tena kuna mba ya nyusi na ukurutu, kuna kaswende isiyotibiwa, kuna dawa za saratani ambazo huangusha nywele na baadaye nywele hurudi, na kuna uzee. Tena wapo wenye uchungu wa moyo ambao huzing'oa nyusi zao wenyewe moja moja bila kujijua, hasa watoto na vijana. Hao hawahitaji kuchapwa. Wahitaji mtu wa kuwauliza polepole ni nini kinachowasumbua.

Tumeiacha nyuma sababu moja, kwa kuwa ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Ni ukoma.

Wasomaji wengine watastaajabu. Watu hudhani ukoma umebaki katika Injili. Haukubaki huko. Mwaka wa 2023 nchi za dunia ziliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 180,000, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye wagonjwa wengi. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kilichoonekana kwanza na daktari Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norway, mwaka wa 1873. Kijidudu hicho hupenda mahali penye ubaridi katika mwili, yaani masikio, pua, mikono, miguu, na paji la uso penye nyusi. Kwa hiyo katika aina ya ukoma yenye vijidudu vingi, nyusi huanza kupungua kutoka upande wa nje kuelekea puani, ngozi ya uso huwa nene na kung'aa, na ndewe za masikio huvimba. Hukua polepole mno. Kwa kawaida hupita kama miaka mitano toka kuambukizwa hata dalili kuonekana, na pengine ishirini. Katika muda huo mgonjwa hasikii maumivu. Hapo ndipo ubaya wake ulipo, maana maumivu yangemfukuza kwenda hospitali.

Twamjua mama mmoja. Jina lake hatulitaji, wala komine anayokaa, lakini yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia, akisema huenda mwingine akasaidika. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwuza makaa, mwenye sauti ya kwanza iliyosikika hadi mlangoni mwa kanisa. Kwa muda mrefu alikuwa akichora nyusi kwa wanja mweusi kila alfajiri, hata siku asizotoka. Watu wakasema amekuwa wa mitindo. Wengine wakasema vibaya zaidi, kwamba mwanamke wa umri wake anayejichora hivyo ana mtu anayemtafuta. Kisha akaacha kuja kwaya, baadaye akaacha kuja Misa.

Tulikwenda wawili, kama kawaida. Tukapiga hodi.

"Karibuni, ndugu zangu," akajibu, lakini alikawia kutoka. Tulipoketi tukamwambia, "Mama, tumekukosa kanisani. Kwaya imepungukiwa."

"Mwili hauna nguvu," akasema. "Na mikono hii imekuwa ya ajabu. Juzi niliokota kaa la moto nikidhani limezimika. Sikusikia kitu hata nilipoona malengelenge."

Neno hilo lilitushtua kuliko neno lolote la majirani. Tulimwomba atuonyeshe mkono. Vidonda vilikuwa viwili, vikubwa, naye alivigusa kana kwamba ni vya mtu mwingine. Ndipo kwa upole mwenzangu akamwuliza kama ana mabaka mwilini yasiyosikia. Mama alinyamaza kitambo. Akainuka, akaenda nyuma, tukasikia maji yakimwagika katika beseni. Aliporudi alikuwa ameosha uso. Wanja haukuwapo, na nusu ya nje ya kila unyusi haikuwapo. "Hivi ndivyo nilivyo," akasema. "Nilianza kuzijaza pembeni kidogo tu. Kila mwezi nikaongeza. Nikiwaza ni mafuta niliyonunua, au ni shemeji aliyenifanyia jambo. Sikutaka watoto wangu waone."

Mithali yasema: mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini kabla ya kumlaumu mficha maradhi, tuulize ni nani aliyemfundisha kuficha. Mama yule alijua vizuri majirani wangesema nini. Walikuwa wamekwisha kusema mengi juu ya wanja wake. Je, wangesema nini juu ya ukoma?

Tulimsindikiza katika kituo cha afya. Muuguzi alimwambia afumbe macho, akamgusa kwa uzi wa pamba hapa na pale, na kumtaka aonyeshe kwa kidole kila mahali alipoguswa. Penye ngozi nzima alionyesha. Penye mabaka hakuonyesha. Muuguzi akapapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na nyuma ya goti, akaandika, kisha akamwambia ukweli kwa sauti ya kawaida, kama vile mtu amwambiavyo mwenzake kuwa ana malaria. Sauti ile ya kawaida ilikuwa nusu ya dawa.

Nusu ya pili ilikuwa vidonge. Toka mwaka wa 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni lilipendekeza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, na tangu mwaka wa 1995 hutolewa bure kwa wagonjwa wa dunia nzima. Aina yenye vijidudu vichache hutibiwa kwa miezi 6. Yenye vingi kwa miezi 12. Mara mgonjwa anapoanza dawa, baada ya muda mfupi hawezi tena kumwambukiza mtu. Tena watu wengi sana wana kinga ya kuzaliwa nayo, hata wakiishi na mgonjwa asiyetibiwa. Hakuna sababu ya kumtenga yeyote, wala kumtengea kikombe, wala kumwachia benchi zima kanisani.

Kuna jambo moja ambalo wahusika waambiwe mapema. Dawa moja kati ya hizo, iitwayo klofazimini, huifanya ngozi kuwa nyekundu ya kahawia, pengine kuwa nyeusi zaidi. Rangi hiyo hurudi polepole baada ya dawa kwisha. Katika mji ambao watu hununua mafuta ya kujichubua, mwambie mama anywe kidonge kitakachomfanya mweusi mwaka mzima, uone kama ni jambo jepesi! Mama yetu alitaka kuacha katika mwezi wa nne. "Kwanza nyusi, sasa na ngozi," alitulalamikia. Hatukumhubiria. Tuliendelea kwenda kila juma, na mwanakwaya mmoja akaanza kuja pamoja nasi ili wafanye mazoezi ya nyimbo pale pale uani, kati ya magunia ya makaa. Alimaliza miezi yote kumi na miwili.

Hapa yafaa tumkumbuke Mtakatifu Damiano. Padre huyo Mbelgiji, ambaye jina la ukoo wake ni De Veuster, aliingia katika makazi ya wakoma ya Molokai, visiwani Hawaii, mwaka wa 1873, yaani mwaka ule ule Hansen alipokiona kijidudu. Aliwaosha vidonda, akawajengea nyumba, akawazika, na mwisho akapatwa na ugonjwa wao. Mchoraji Mwingereza Edward Clifford alimtembelea mwishoni mwa mwaka wa 1888, na katika habari alizoandika alisema kwamba nyusi za padre zilikuwa zimetoweka. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Aprili 1889, Damiano alifariki. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Basi Kanisa lina mtakatifu asiye na nyusi, na picha yake ya siku za mwisho haikufichwa. Kwa jina lake shirika la Kibelgiji la Action Damien, lililoanzishwa mwaka wa 1964, limesaidia kazi ya kutibu ukoma katika Kongo.

Lakini tusidhani kwamba, kwa kuwa mtakatifu hakuwa na nyusi, basi wengine wasitamani kurudishiwa zao. Katika Agano la Kale, Kitabu cha Walawi, sura ya 14, mtu aliyepona aliamriwa kunyoa nywele zake zote siku ya saba, hata nyusi, kisha akahesabiwa kuwa safi na kurudi kati ya watu. Nyusi zilinyolewa ili ziote upya pamoja na maisha yake mapya. Na katika nyakati zetu daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefika Vellore, Uhindi, mwaka wa 1946, aliona kuwa wagonjwa wake waliopona walikuwa wakikosa kazi, kwa sababu uso usio na nyusi uliwatangaza kuwa wakoma hata baada ya kijidudu kufa. Yeye na wenzake wakachukua kipande cha ngozi ya kichwa chenye nywele na mshipa wake wa damu, wakakipitisha chini ya ngozi ya paji la uso na kukishona mahali pa unyusi. Nywele hizo, kwa kuwa ni za kichwani, hukua ndefu na hutaka kukatwa. Na husimuliwa kuwa wengine walizifurahia mno hata wakakataa kuzikata. Nani atawacheka? Siku hizi pia wako madaktari wanaohamisha nywele moja moja kutoka kisogoni, ijapokuwa gharama yake si ya kila mtu.

Sasa twajibu swali la mwanzo: dawa ni nini? Dawa hufuata sababu, na kwa hiyo mtu aanze kwa kujitazama. Aoshe uso, asimame mbele ya dirisha lenye nuru ya mchana, aangalie. Je, amekuwa aking'oa? Basi akiweke mbali kibano miezi minne hata sita, avumilie nywele zinazoota ovyo ovyo, asizirekebishe kila siku. Je, kuna mwasho au magamba? Aache vipodozi vikali na sabuni za kuchubua, aoshe kwa sabuni laini, na muuguzi amtazame. Je, amechoka, aona baridi, shingo imejaa? Apimwe tezi, ikiwa imelegea, kuna kidonge cha kila siku kinachosaidia sana. Je, ni mabaka laini ya mviringo? Daktari wa ngozi ana sindano na dawa za kupaka. Je, ni kaswende? Sindano za penisilini huiponya, na mwenzi wake atibiwe pia. Chakula nacho kiwe cha mchanganyiko, maharage, kapenta, mayai yakipatikana, majani mabichi na chumvi yenye iodini.

Wengi watatuuliza juu ya mafuta ya mbarika. Hulainisha ngozi na kuzifanya nywele zilizopo zing'ae, na kwa hiyo unyusi mwembamba huonekana umejaa kidogo. Mtu akipenda, apake kidogo usiku, asiyaingize machoni. Lakini hayafufui shina lililokufa, na hayatibu tezi wala ukoma. Hatari yake ni moja tu, kumfanya mgonjwa angoje.

Na wanja? Wanja si dhambi. Bibi zetu wa pwani na wa bara waliujua, na hakuna ubaya mtu akipendezesha uso aliopewa na Mungu. Tunachoomba ni kwamba mtu asiutie wanja mahali palipopungua kabla hajajua kwa nini pamepungua. Na mwenye baka lisilosikia mguso, au ganzi ya vidole, au ndewe za masikio zilizovimba pamoja na nyusi kuanguka, huyo asingoje hata juma moja. Ukoma ukitibiwa mapema hauachi kilema. Ukicheleweshwa, dawa huua kijidudu lakini vidole vilivyopotea na mishipa iliyokufa hairudi. Nyusi zenyewe huweza kurudi kidogo, au zisirudi.

Za mama yetu zilirudi kidogo tu. Amerudi kwaya, na kila Jumapili hupaka wanja wake kama zamani, ila sasa wanawe ndio wanaomshikia kioo. Mkono uliochomwa umepona, ingawa vidole viwili havisikii, naye amejifunza kuvitazama kwanza kabla ya kushika chochote cha moto.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Januari ni siku ya kuwakumbuka wagonjwa wa ukoma, iliyoanzishwa na Raoul Follereau mwaka wa 1954. Twaomba kila familia iifanye siku hiyo kuwa ya kazi, si ya maombi tu. Wazazi wawatazame watoto wao migongoni na mikononi. Mabaka yaguswe kwa uzi. Wanafunzi wasimcheke mwenzao mwenye uso wa tofauti. Na sisi sote tuulinde ulimi wetu tunapomwona mtu amejichora nyusi kupita kiasi, kwa maana hatujui ni jeraha gani amelifunika. Bwana wetu Yesu Kristo alipomwona mwenye ukoma hakusimama mbali akatoa maoni. Alinyosha mkono akamgusa.

Basi, msomaji mpendwa, kama nyusi zako zimepungua, usianzie sokoni. Mwonyeshe mtu wa nyumbani umwaminiye, kisha uende kituo cha afya kilicho karibu nawe. Na kama wewe ndiwe umwaminiwaye, sikiliza, usimwambie jirani, tena umsindikize.